Vigae vya Nyumba ya Babu

Mtu akiniambia jambo haliwezekani, hapo ndipo ninapokunja mikono ya kanzu. Ami yangu, ndugu wa baba, alilijua hilo na bado akasema. Ilikuwa Ibra, Omani, miaka ya tisini, mbele ya gofu la nyumba ya babu.

"Binti yangu, ufinyanzi umeuwacha Pemba. Udongo wa huku haukujui. Ukitaka mtungi twende Bahla tukanunue, khalas."

Haunijui! Pemba nilikozaliwa waliniita Mmanga, na Ibra wananiita Mzinjibari. Sasa hata udongo unikane? Nilikasirika mpaka chakula hakikupita. Nikaapa kufinyanga mtungi wa udongo wa kiwanja kile, kabla ami hajaleta tingatinga kukisawazisha ajenge vila.

Nilichimba kando ya mfereji ulionywesha mitende ya babu, nikafinyanga kwa mikono kama alivyonifunza bibi mzaa mama. Mtungi wa kwanza ulipasuka motoni. Udongo ulinata mno, ulitaka kutiwa kitu cha kuushikilia. Pemba tulitia mchanga, na kwangu mimi mchanga ni wa pwani. Nikamsumbua mume wangu mpaka akanipeleka pwani ya Tiwi kwa gari, nikarudi na gunia zima, nanuka bahari, roho yangu kwatu.

Mtungi wa pili ukatoka motoni mzima. Nikapiga vigelegele peke yangu uani. Siku chache baadaye ukaanza kubanduka vipande, kila penye chembe ya kombe la bahari iliyokuja na ule mchanga. Ami akaja, akautazama, akacheka.

"Si n'likwambia?"

Nilikwenda kukaa juu ya gofu, nimenuna. Mkono ukagusa kigae cha mtungi wa zamani, halafu chengine. Vilizagaa pale uani watu wa nyumba ile walipokuwa wakiweka mitungi ya maji. Vilikuwa udongo wa hapa hapa, na moto vilishauzoea zamani. Nikavibeba kwenye mtandio, nikavitwanga kwenye kinu changu cha kisamvu, nikavichekecha, nikavikanda pamoja na udongo. Mume wangu akauliza chakula kiko wapi. Nikamwambia kinu kina kazi.

Mtungi wa tatu haukupasuka. Nikautia maji, ukatoka jasho, na maji yakapoa.

Tingatinga lilikuja hata hivyo. Nilikuwa nimeshajaza vigae magunia kwa magunia. Kuta zilipoanguka nililia, wala sioni haya kusema.

Siku ile alasiri nilimtilia ami kikombe cha maji ya mtungi ule. Yeye alizaliwa katika nyumba ile, akapelekwa Unguja angali mdogo. Akanywa, akakikamata kikombe kwa mikono miwili.

"Maji haya," akasema, "alikuwa akin'nywesha mama."

Sasa vila yake ina friji mbili. Na kila akitoka msikitini alasiri, hunipigia hodi.

"Binti yangu, maji ya nyumbani yapo?"