Ng'ombe wa Bhoke Walivyokonda Kwenye Skrini

Siku ile tulikuwa sebuleni kwangu Turwa: Baba mdogo Nyamhanga, shangazi Robi, mdogo wangu Bhoke aliyekuwa akisikilizia mlangoni pa jikoni, Mzee Wambura aliyetoka Gorong'a kumposea mwanawe Chacha, wazee wawili aliofuatana nao, na mimi Mwita. Nawataja wote mapema kwa sababu kila mmoja anausimulia mkasa huu kwa namna yake, na katika simulizi zao zote mjinga ni mimi, jambo ambalo sibishi, ila nataka nanyi mjue ujinga wenyewe ulianzia wapi.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita, nikaacha shule nikaenda machimboni kuponda mawe ili wadogo zangu wasome, na Bhoke ndiye aliyekuwa wa kwanza kuposwa, kwa hiyo kiti cha baba kilikuwa changu. Baba mdogo hakulipenda hilo hata kidogo. ("Mahari si mambo ya watoto," aliniambia, na mimi nina ndevu.) Mwishowe alikubali nijaribu, kwa sharti kwamba nikiharibu anashika yeye, na nyumbani sote tulijua akishika yeye itakuwaje: alikuwa na rafiki yake, mzee mwenye karasha za kusaga mawe ya dhahabu, mjane asiye na meno ya mbele, ambaye alikuwa amewekewa Bhoke kama mtu anavyowekewa kiti kwenye sherehe.

Basi ilikuwa miaka ile ya dhahabu, ambapo mtu akiokota kidogo tu ananunua kitu kisichopita mlangoni. Jirani yangu alinunua friji kabla umeme haujamfikia, akawa anatunzia viatu. Mimi nilikuwa na kibanda cha kuwawekea wachimbaji nyimbo kwenye simu, na biashara ilipochangamka nikanunua huko Sirari mpakani skrini moja pana kama meza, ya kuunganisha na kompyuta yangu ya mtumba, ambayo yenyewe ilikuwa ya zamani, ya kioo cha mraba. Nilikuwa natafuta tu sababu ya kuwaonyesha watu hiyo skrini.

Kwa desturi yetu, upande wa binti huenda wenyewe zizini kwa mkwe, wakawashika ng'ombe, wakawatazama meno, wakachagua. Mimi nikasema (na hapa ndipo nilipojichimbia shimo), "Ya nini kukanyaga matope mpaka Gorong'a? Chacha awapige picha anitumie, tutawachagua hapa hapa tukinywa chai."

Nikachomeka waya, ng'ombe wakajaa kwenye skrini. Jamani, walikuwa wanene! Kumbe kompyuta ilikuwa inatoa picha ya mraba, na ile skrini pana inaivuta kushoto na kulia mpaka ijae, kwa hiyo chochote kilichokuwamo kilinenepa, lakini nani alijua? Baba mdogo aliinuka kwenye kiti. "Mura," akaniita kama kijana anavyoitwa kwetu, "hawa ni ng'ombe au viboko?" Mzee Wambura mwenyewe aliwatazama ng'ombe wake kwa muda mrefu, kama mtu aliyekuwa amesahau jinsi alivyo tajiri, halafu akakohoa na kusema, "Tunajitahidi kuwalisha."

Kwenye picha moja Chacha alisimama kando ya dume, mashavu kama maandazi. "Dhahabu inamlisha kijana," shangazi Robi akasema kwa kuridhika.

Bhoke akachungulia. "Kaka, mbona Chacha amekuwa hivyo? Jumapili tu nilimwona."

"Rudi jikoni," nikamwambia. "Hii ni kompyuta." (Kana kwamba hilo lilikuwa jibu.)

Mambo yakaenda vizuri mno. Idadi ikakubaliwa, Baba mdogo akamchagua yule dume kuwa fungu lake, wazee wakapeana mikono, na kama ningezima pale mngekuwa mnasikia habari za mtu mwenye akili. Lakini picha ilikuwa na ukungu kidogo, na Baba mdogo, akimkodolea macho dume wake, akasema, "Macho yake siyaoni sawasawa. Hii skrini yako ina mtoto wa jicho?"

Ikaniuma. Nikaingia kwenye mipangilio ya skrini, kwenye ile wanayoiita rizolusheni, yaani wingi wa vinukta vinavyochora picha, na kwa akili yangu ya machimboni, ambako kikubwa ndicho kizuri, nikachagua namba kubwa kuliko zote. Skrini ikawa nyeusi ti.

"Ng'ombe wako wapi?" Baba mdogo akauliza.

"Wanarudi sasa hivi."

"Wameibiwa hao," akasema mmoja wa wazee wa Gorong'a. "Sasa hivi wameshavuka mpaka."

Baada ya muda wakarudi wenyewe (kompyuta ikiona hujathibitisha, hurudisha ulivyoikuta), watu wakapiga makofi, nami badala ya kushukuru nikabonyeza kitu kingine. Safari hii ng'ombe wakabaki kwenye kioo cha kompyuta yangu, kilichonigeukia mimi peke yangu, na kule kwenye skrini kubwa ikabaki ile picha inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani, mlima na majani ya kijani.

"Malisho tunayaona, tata," shangazi akamwambia Mzee Wambura kwa heshima zote. "Sasa walishwaji wako wapi?"

Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kipanya kinateleza. Nikabonyeza tena, nikachagua namba ambayo mashine yenyewe ilikuwa imeiandikia kwamba inapendekezwa (ningesoma tangu mwanzo, lakini kusoma ni kwa wasiojua), na picha ikatulia, safi, bila ukungu hata chembe. Macho ya dume yakaonekana. Mbavu zake pia, unaweza kuzihesabu. Ng'ombe wote walikuwa wamebanana katikati ya skrini, wembamba, huku na huku kuna pazia jeusi, na Chacha amerudi kuwa yule yule Chacha, shingo kama mpini wa jembe.

Halafu Mzee Wambura akasimama. "Nimekuja kuposa kwa amani, kijana, nawe umewakondesha ng'ombe wangu mbele ya macho yangu."

"Sisi tulikubali wale wanene," Baba mdogo naye akasimama. "Walete wale wanene, au mwongeze idadi!"

"Siongezi hata mkia!"

Nikaomba wanisikilize, nikaeleza mambo ya mraba na upana, na ili waelewe nikarudisha ile namba ya kwanza. Ng'ombe wakanenepa hapo hapo. Nikaiondoa, wakakonda.

"Mnaona?" Baba mdogo akapiga kelele. "Anaweza kuwanenepesha! Hataki tu!" Akavuta kiti changu kwa mguu akakikalia, na kila mtu akaelewa maana yake.

Ndipo Bhoke alipotoka jikoni, mikono ina unga, akapiga goti kwa wazee. "Shikamooni. Mimi tangu mwanzo nimempenda Chacha mwembamba. Ng'ombe wake nao wakiwa wembamba, nitawashangaa ya nini?"

Mzee Wambura akajaribu kubaki amekasirika, ikashindikana, akacheka mpaka akashikilia ukuta, na wenzake nao. Shangazi akapiga kigelegele haraka haraka kabla Baba mdogo hajafungua mdomo, na posa ikawa imepita namna hiyo.

Lakini Baba mdogo si mtu wa kupigiwa kigelegele akasahau. Alikubali kwa sharti moja: picha ya dume, ile nene, ichapishwe kwenye karatasi kabla wageni hawajaondoka, na mimi niliyemnenepesha kwa waya nimnenepeshe kwa majani mpaka afanane nayo, ndipo yeye achukue fungu lake.

Bhoke sasa ana mtoto. Skrini niliiuza, na siku hizi nikitaka kumwona ng'ombe wa mtu nakwenda kwa miguu yangu kumshika mgongo. Dume bado yuko kwangu. Nimemkatia majani, nimemnunulia pumba na mashudu, anakula kuliko nyumba nzima. Juzi Baba mdogo alikuja na ile karatasi, akainyoosha kando ya dume, akafumba jicho moja, akarudi nyuma kidogo, akamtazama tena.

"Bado, mura," akasema, akaikunja karatasi. "Bado sana."