"Knock Off" Iliyonifanya Nimfukuze Mama Mkwe

Ukitaka kucheka cheka, lakini usicheke mbele yangu, maana hadi leo nikikumbuka damu inanichemka. Nilimfukuza kazi mama mkwe wangu, hadharani, hapa hapa Kamina, kwenye depo ya mahindi karibu na gare ya treni, na hakuna aliyenituma.

Nilikuwa mtafsiri wa Bwana Chanda, mfanyabiashara kutoka Zambia (cheti cha Kiingereza ninacho, akili ndiyo sina). Wanawake wa kuchambua mahindi waliongozwa na Mama Numbi, aliyenizalia mke, mtu ambaye kwetu Baluba hata kumkazia macho ni kosa. Jioni moja mawingu yametanda, Bwana Chanda akaniambia, "Tell them to knock off." Knock naijua, ni kugonga. Off ni kutoka. Ningeuliza tu, lakini wale mama walikuwa wananitazama, nikaona haya, nikaamua mwenyewe: kugongwa mpaka nje, basi ni kufukuzwa. Nikapanda juu ya gunia nikatangaza patroni amewafukuza wote, na (hili nililitia chumvi mwenyewe, nionekane najua) amechoka na uvivu wao.

Mama Numbi akauliza taratibu, "Hata miye?"

"Hata weye, mama."

Wakamwaga mahindi yote chini wakaenda zao, mvua ikashuka juu yake, na Bwana Chanda akashangaa, kwani yeye alisema kazi imetosha kwa leo, watu wawahi nyumbani. Kwao ndivyo wanavyosema. Alipoelewa alicheka mpaka akashika ukuta, na mahindi yake yanalowa, nikatamani kumpiga. Mtu ana "go home", maneno mepesi, anayaacha anachukua ya kugonga. Nikatafuta kwenye simu: knock off hiyo hiyo ni kuiba, ni kuua, ni kupunguza bei, ni kitu bandia. Lugha gani hiyo?

Nyumbani nikamkuta mke wangu amekaa juu ya valizi yake ya nguo, imeshafungwa. "Mama anasema, kama yeye njo muvivu, na mutoto wake iko vile vile. Umurudishe."

Ilibidi mjomba wangu aende na kuku kuniombea msamaha. Wanawake walirudi kazini, mke akabaki, ila mama mkwe hajanisemesha mpaka leo. Siku hizi neno nisilolijua nauliza mara mbili, anayetaka kucheka acheke. Lakini jioni Bwana Chanda akifungua mdomo tu, Mama Numbi hanisubiri. Anajifunga kitambaa chake, anawaambia wenzake, "Nokofu, ba mama, twende," na anapita mbele yangu kama mimi ni upepo.