Amechomoa waya wa king'ora, na mimi niliapishwa ninyamaze

Admin, ficha jina langu na mtaa wa duka. Kariakoo ni ndogo kuliko mnavyofikiri, na mimi ni mwoga.

Nina miaka ishirini na nne, nina diploma ya uhasibu, ni karani kwenye duka la jumla la vyakula vya kugandisha. Bosi wangu ni mtu wa Kilimanjaro, wote tunamwita Mangi. Duka alilinunua kwa familia ya Kihindi iliyohama, pamoja na stoo upande wa Msimbazi yenye chumba kikubwa cha baridi.

Chumba hicho kina mashine ya zamani. Baridi ikipungua, mashine inatuma ujumbe hadi dukani na king'ora kinalia juu ya meza yangu. Mwanzo ujumbe ulipita kwenye laini ya simu ya shaba. Biashara ya simu ilipofunguliwa kwa kampuni binafsi, kila kampuni ikawa inachimba mitaa kupitisha nyaya za faiba, na Mangi akaunganisha duka na stoo. Shida ikawa moja: mashine ile haijui intaneti, inajua lugha yake tu, polepole, herufi moja moja. Fundi akafunga kiboksi kila upande, chenye tundu la kompyuta na tundu la waya wa mashine, vyote vikasafiri ndani ya faiba moja bila kugombana. Mimi ndiye niliyeshinda na fundi yule, yeye stoo, mimi dukani, tukijaribu hadi king'ora kikalia. Akaniambia, "Dada, taa ya huu waya wa zamani usitegemee kuiona inawaka. Inawaka mashine ikiwa na la kusema tu. Ikiwa kimya, shukuru."

Haukupita muda mrefu, mota ya chumba cha baridi ikazima mchana, king'ora kikalia, tukaokoa kuku wote.

Kisha akaja mpwa wa Mangi na digrii yake ya kompyuta. Nitamwita Erasto. "We binti wa pwani, kaniletee chipsi mayai, mitambo waachie wanaume." Nilikuwa nacheka, maana kazi naihitaji.

Jumamosi moja duka limejaa, kompyuta zote zikaganda. Niliona kwa macho yangu: Erasto alikuwa amechomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi ileile inayounganisha kompyuta, mtandao ukawa unajizunguka wenyewe. Nikamnong'oneza, asiaibike. Akaichomoa kimyakimya, halafu akageuka na kupaza sauti, "Mjomba! Huyu ndiye anayechezea mitambo!"

Mangi hakuniuliza hata swali. "Mwombe Erasto msamaha. Piga magoti."

Nilipiga magoti kwenye vigae, mbele ya wateja na wapagazi. Machinga mmoja mlangoni akasema, "Dada, niombee na mimi!" Watu wakaangua kicheko. Erasto akasimama juu yangu: "Sema hutagusa tena, wala hutasema neno lolote kuhusu mitambo." Nikasema. Mtu pekee aliyeninyanyua ni Mama Shani, mpika keki anayekodi rafu kwenye chumba chetu cha baridi. "Inuka mwanangu. Na nyie mnaocheka, hamna dada?"

Tangu siku hiyo kila nikipita kwenye vigae vile, magoti yananiwaka.

Sasa sikieni. Kesho Mangi na ukoo wake wanapanda kwenda Rombo kula Krismasi, kama kila mwaka. Duka linafungwa, anabaki mlinzi tu wa kusikia king'ora na kunipigia simu, na stoo imejaa mzigo wa mwaka mpya. Jana Erasto alikuwa anafunga kamera ili mjomba wake aangalie mali kwenye simu akiwa huko huko. Akafika kwenye kiboksi cha dukani, chini ya meza yangu. "Hii taa tangu nije haijawahi kuwaka. Takataka za Wahindi." Akachomoa waya.

Mangi akauliza, "Na kile king'ora?"

"Kamera imechukua nafasi yake, Mjomba. Hii ni teknolojia mpya."

Nikafungua mdomo. Erasto akanitazama huku akitabasamu. "Eeh? Mwalimu ana la kuongeza?" Mangi akaninyooshea kidole. "Binti, tulishakubaliana."

Nikajibu, "Hamna kitu, bosi."

Na niliposema hivyo nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia. Kamera itawaonyesha mlango mzuri uliofungwa. Joto haionyeshi. Mota ile juzi nilipopita stoo niliisikia inakohoa. Nimeshamwona Erasto kichwani mwangu, ana suti mpya, anawapitishia wazee simu waone mlango huku wakinywa pombe yao ya mbege na kumsifu. Nataka arudi Januari afungue mwenyewe. Nataka ile harufu imwingie hadi kooni. Nataka Mangi amwambie apige magoti, kwenye vigae vilevile, na mimi nisimame pembeni nisiseme neno.

Lakini humo ndani kuna siagi na krimu ya Mama Shani, ya keki za harusi alizokwisha kupokea oda. Nikimwambia ahamishe, hawezi kukaa kimya yule mama, ataingia dukani na kuuliza kwa sauti. Nikinyamaza, namwangamiza mtu aliyeninyanyua. Na naogopa pia kwamba mzigo ukioza, watasema ni mimi niliyechomoa. Erasto alishasema hivyo mara ya kwanza na akaaminiwa.

Msiniandikie nisamehe, hilo mama yangu ameshaniambia na sijaweza. Naandika haya nikiwa mezani kwangu. Waya unaning'inia karibu na goti langu, ni kuuchomeka tu. Wao wako nje wanapakia gari, jioni hii tunafunga.

Nishaurini jamani, niuguse, au nitii nilichoapishwa nikiwa nimepiga magoti?