Picha Chumbani, Sauti Sebuleni

Televisheni yetu ilikufa siku ya mvua, umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, kioo kikawa cheusi, na mimi, Mungu anisamehe, moyoni nilifurahi. Televisheni ile ndiyo iliyokuwa imenitoa sebuleni kwangu.

Nieleze vizuri. Mama mkwe wangu alikuwa ameletwa Mwanza kutoka kijijini, ng'ambo ya Sengerema, kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Daktari alisema upasuaji wenyewe si mkubwa, tatizo ni presha. Ilikuwa juu, na isiposhuka hamgusi. Akampa dawa, akamwambia apumzike, asiwaze sana, arudi kupimwa. Akaja kupumzika kwetu Butimba, kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule, na kila jioni mke wangu alimwashia televisheni ili apunguze mawazo.

Sasa, mimi ni Mhaya, na kwetu mama mkwe anaheshimiwa. Lakini katika ukoo wa mke wangu, Wasukuma wa kijijini hasa, heshima hiyo haina mchezo. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawaketi sebule moja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Salamu inatosha, tena ya mbali. Kwa hiyo nikitoka kazini nilisimama nje ya mlango wa nyumba ninayoilipia kodi mwenyewe, nikakohoa. Mke wangu akatangaza kwamba napita, mama akavuta khanga kichwani na kugeukia ukutani, nami nikakatiza sebule mbio kuingia chumbani kama mwizi wa kuku. Shikamoo mama. Marahaba baba. Basi, imeisha hiyo. Na televisheni ninayotazamia mpira ilikuwa sebuleni pamoja naye.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya, nani atampa mama mkwe jembe? Nikahamia kibanda umiza cha pale barabarani, unapolipa kiingilio ukabanana kwenye benchi na wanaume wenye jasho, ukatazama mechi huku mtu amekuwekea kiwiko mbavuni. Nilijiona nina adabu kweli. Nimempisha mzazi, nimemwachia nyumba, mtu anataka heshima gani tena?

Kumbe mama alikuwa anasikiliza. Alinisikia naingia, alinisikia nabadilisha viatu, alinisikia natoka. Alipokwenda kliniki presha ikakutwa iko palepale. Akaenda tena, hali ileile. Siku hiyo akamwambia mke wangu kwamba anataka kurudi kijijini, macho atayaachia Mungu. Amemhamisha mwanamume kwenye nyumba yake, alisema, na mwanamume anayeshinda vibandani kila jioni mwisho huokota mengine hukohuko. Yeye hataki ndoa ya mwanawe ivunjike kwa ajili ya jicho.

Mke wangu alinieleza haya jikoni, kwa sauti ya chini, huku analia. Tulimjua mama yake. Akiondoka, harudi. Angekaa kule mpaka giza limfunike kabisa, na akiulizwa angesema yuko sawa.

Wiki hiyohiyo ndipo televisheni ikaungua, na hela yetu ilitosha kununua kitu kimoja. Mke wangu alitaka televisheni mpya, kubwa kuliko ile, mama asije akadhani hata burudani tumemnyima. Mimi nilitaka monita ya kompyuta. Nitaiweka mezani chumbani, nikasema, nitaiunganisha na king'amuzi, nitatazama mpira wangu nikiwa nyumbani, mama atanisikia nipo na roho yake itatulia. Televisheni mpya itarudisha yaleyale, yeye ndani, mimi kibandani. Mke wangu akauliza mama yake atatazama nini sasa, ukuta? Nikamjibu kwamba simu ya mama ina redio. Akaniangalia kwa jicho ambalo waliooa wanalijua. Mwishowe tukakubaliana televisheni, yaani yeye alikubaliana, mimi nikanyamaza.

Jumamosi nikashuka mjini. Dukani vilikuwa vimepangwa rafu moja, televisheni kulia, monita kushoto. Nikaitazama televisheni, nikaiona sebule yangu, khanga, ukuta, na mimi nimesimama mlangoni nakohoa. Nikanunua monita. Muuzaji aliisifia picha, akasema hata nyasi za uwanjani nitaziona moja moja, na hakudanganya. Kuuliza si ujinga, lakini siku hiyo nilikuwa na haraka ya kushinda ubishi, sikuuliza kitu.

Mke wangu aliona boksi, akanifuata hadi chumbani. Nikajitia fundi. Waya wa dishi unaingilia dirisha la sebuleni, kwa hiyo king'amuzi kilibaki kulekule kando ya sabufa, spika yetu kubwa ya muziki, nami nikavuta waya mrefu wa picha kupitia juu ya mlango, nyuma ya pazia lake, hadi mezani chumbani. Nikawasha. Picha ilikuwa safi mno. Sauti, hakuna. Nikabonyeza kila kitufe, nikaigeuza mgongo, nikatafuta spika juu, chini na pembeni. Haikuwa nayo hata moja. Mke wangu alikuwa ameegemea mlango muda wote huo.

"Umetuletea bubu," akasema.

Akacheka mpaka akakaa kitandani. Mimi nilikasirika hadi masikio yakapata moto, na kilichonikera zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Ikabaki sabufa kutoa sauti. Ni dude zito, na waya wake haufiki chumbani. Basi picha itoke chumbani, sauti itoke sebuleni, tutafanyaje? Jioni ileile kulikuwa na mechi ya watani, timu yangu na wale wengine ambao sina haja ya kuwataja. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Ng'ambo ya pazia alikuwepo mama kwenye kochi lake, sabufa inamngurumia miguuni. Mke wangu alikuwa jikoni anakaanga dagaa. Niliona aibu tupu. Mgonjwa wa presha, na mkwewe amemtegea ngoma!

Kipindi cha pili tukapata kona. Mtangazaji akapandisha sauti, akapiga ukelele, halafu akakata ghafla. Uwanja ukazomea, naye asiseme ni kwa nini. Watangazaji wa televisheni ndivyo walivyo, wanajua unaona mwenyewe. Ndipo nikasikia sauti kutoka nyuma ya pazia.

"Baba, limeingia au halikuingia?"

Nilidhani anamuuliza mtu mwingine, lakini sebuleni hapakuwa na mtu mwingine. Tangu nioe, mama yule hakuwahi kuniuliza jambo bila kumpitishia mtu katikati. Nikalijibu pazia.

"Limeingia mama, ila mshika kibendera ameinua. Eti ameotea."

"Kaotea kweli?"

"Ncha ya kiatu tu, mama."

"Wametuonea," akasema.

Wametuonea! Kumbe mama ni wa kwetu. Nikasogeza kiti karibu na mlango, nikaanza kumweleza nani ana mpira, nani ameanguka, nani anajifanya ameumia. Naye akanieleza yake, taratibu, bila mimi kuuliza. Marehemu mumewe alikuwa na redio, na walisikiliza mpira pamoja huku yeye akipukuchua mahindi. Asipoelewa, alimuuliza mumewe. Kwetu alikuwa anakaa mbele ya televisheni na haoni kitu ila mwanga unaochezacheza. Kutuambia aliona haya, kwa kuwa tulimwashia kwa heshima. Redio ya simu aliijaribu, akaiacha, maana hana wa kumuuliza.

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, dagaa wanaungua. Kila jioni alikuwa anamwashia mama yake mwanga mtupu, wala hakujua. Mimi, jamani, nilipumua kama mtu aliyetua gunia. Nilikuwa kwangu, nimekaa, kiti changu, jioni yangu, na hakuna aliyelazimika kumkimbia mwenzake.

Kuanzia hapo watu wa kibanda umiza wakanisahau. Rimoti ilibaki kwa mama kwa sababu king'amuzi kiko kwake, na akitaka tamthilia nami natazama tamthilia, sina ujanja. Mtu mzima, baba wa familia, nimekaa nyuma ya pazia naeleza kwamba yule dada mwovu leo amevaa gauni la kijani na amemkonyeza shemeji yake. Mama anaguna, anasema alijua tu. Mke wangu anasema ninaongeza chumvi. Naongeza, ndiyo.

Alipokwenda kliniki tena, presha ilikuwa imeshuka. Daktari akamuuliza amebadilisha nini, mama akamjibu kwamba siku hizi anatazama mpira na mkwe wake. Wakamfanyia jicho la kulia kwanza. Siku ya kufunguliwa bandeji mke wangu alinipigia simu nikiwa kazini Nyakato, akaniambia mama amesoma saa ya ukutani. Nililia stoo, nyuma ya magunia, na sioni haya kusema.

Alibaki kwetu akisubiri jicho la pili. Nikawaza: sasa anaona, na haki ni haki. Jumapili moja kabla ya mechi nikasimama nyuma ya pazia, nikamwambia kwamba hela imepatikana na nitamletea televisheni yake sebuleni, kubwa, yenye sauti yake yenyewe. Nilijua maana yake, nitarudi kubanwa mbavu kwenye benchi la kibandani. Nilisema hivyohivyo, na moyo uliniuma.

Mama aliguna.

"Acha hiyo hela, baba," akasema. "Nikijionea mwenyewe, wewe utaniambia nini?"

Nilimsikia anabonyeza rimoti, na sabufa ikaanza kunguruma. Nikavuta kiti changu hadi mlangoni, nikakohoa kusafisha koo, nikamwambia wachezaji wanaingia uwanjani, wa kwetu leo wamevaa nyeupe, na golikipa peke yake ndiye amevaa njano, kama ndizi mbivu.