Mlango Uliofungwa Siku ya Mariamu

Wanawake wa Adi Hawsha walikuwa wamejiweka tayari kumpenda. Hilo lisemwe kwanza, maana baadaye lilisahaulika kabisa. Mwaka ule vita vilipokwisha, watu wa mijini wakawa wanacheza ngoma barabarani, Akberet alipanda kilima cha kijiji akiwa na mumewe Weldeab, na wanawake wakampokea kwa vigelegele tangu kisimani hadi mlangoni kwa mama mkwe. Walimmwagia bisi kichwani kama bibi harusi, ingawa alivaa suruali na ndara za plastiki za wapiganaji, na nywele zake zilikuwa fupi kama za kondoo aliyetoka kunyolewa.

"Sasa huyu ni mkwe au askari wa zamu?" akauliza Negisti, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa.

"Vyote viwili," Akberet akajibu. "Mchana mkwe, jioni nakulindia kuku."

Wakacheka wote. Hata mama mkwe, ambaye kijiji kizima kilimwita Adey Hiriti, yaani Mama Hiriti, kwa heshima ya uzazi, alicheka akiziba mdomo kwa ncha ya shela yake nyeupe. Alikuwa ametoa wana watatu vitani, akarudishiwa mmoja. Alimshika Akberet mashavu akambusu kulia, kushoto, kulia tena, kana kwamba anawabusu na wale ambao hawakurudi.

Akberet hakuwa na kwao pengine. Kijiji alichozaliwa kilichomwa moto, na hata kabla hakijachomwa alikuwa amekikimbia, bado msichana, ili asiozwe kwa mgane mmoja mwenye watoto wakubwa kuliko yeye. Siku ile alitumwa maji. Mtungi akauacha kisimani, mwenyewe akashika njia ya milimani. Huko Saheli, ngome ya wapiganaji kwenye mabonde ya mawe matupu, alijifunza kusoma, kufunga majeraha, kulenga shabaha, na kuendesha lori gizani bila kuwasha taa. Alikula sinia moja na wanaume, na hakuna aliyemwambia ainamishe macho. Yeye na Weldeab waliozeshwa na kamanda, mashahidi wao wakiwa na bunduki begani. Mtoto waliahirisha. "Baada ya uhuru," alisema Weldeab. "Baada ya uhuru," alisema naye. Uhuru ulichelewa, nao ujana haukuwasubiri.

Kwa hiyo alipofika Adi Hawsha, akiwa anakaribia umri wa bibi kwa hesabu za pale, alikuwa na haja moja ambayo watu hawakuidhania, kwa jinsi alivyotembea akitupa mikono. Alitaka kuwa mwenye nyumba. Alitaka jiko lake, kizingiti chake, na mtu wa kumwita mama. Vita alikwisha kuvipigana. Hiki ndicho kilichokuwa kimebaki.

Alijitahidi. Injera zake za mwanzo, ile mikate ya chachu ya pale, zilitoka bapa, hazina vile vitundu vinavyoitwa macho.

"Injera yako ni kipofu, mwanangu," alisema Adey Hiriti.

"Itapona, mama. Nimewahi kuwa mganga."

Siku moja alimpa mpita njia kibuyu kizima cha unga bila kuuliza, kwa sababu Saheli hakukuwa na cha mtu. Mama mkwe alikunja uso, kisha akaukunjua. "Mkono wazi si dhambi. Lakini niulize kwanza, nisije nikasonga upepo." Akberet akaanza kuvaa gauni. Akafuga nywele, na zilipofika shingoni Negisti akamsuka, huku akimvuta kichwa na kumtania: "Tulia! Mabomu ulivumilia, kitana kinakuliza?"

Aliyebadilika kwa namna isiyoeleweka alikuwa Weldeab. Alipewa dume la ng'ombe la kulimia na kipande cha shamba la marehemu baba yake, naye akajizika humo. Kuhusu Saheli hakusema neno. Akberet akianza, "Unamkumbuka yule...", alikwenda kumtazama ng'ombe.

Ikafika zamu ya nyumba yao kuwakaribisha wanawake wa chama cha Bikira Mariamu. Adey Hiriti alimkabidhi Akberet kikaango na jebena, birika la udongo jeusi alilorithi kwa mama yake. "Leo kahawa ni yako," alisema. Hakukuwa na haja ya maneno zaidi; mwanamke akikabidhiwa kahawa ya Mariamu mbele ya wenzake, amekabidhiwa nyumba. Kisha akajitanda shela akaenda kanisani na wengine.

Akberet alitandaza majani mabichi sakafuni, akapuliza makaa, akamimina buni. Mlango ulikuwa wazi, kama inavyopasa. Pale kahawa haikaangwi mlango ukiwa umefungwa. Moshi wa buni ndio mjumbe; anayeusikia amekwisha alikwa, na mkaangaji humpitishia kila mgeni kikaango puani, auvute kwa mkono, aseme baraka zake. Punje zilikuwa zimeanza kulia, na moshi kupanda kwenye tundu la paa, aliposikia ndege.

Ilikuwa ndege ya nafaka ya msaada, ikielekea Asmara. Watoto walikuwa nje wakiipungia. Akberet hakuwaona watoto. Mwili wake ulinyanyuka peke yake. Alifukia buni na makaa chini ya majivu, akapanda ngazi akaziba tundu la moshi kwa gunia lililolowa, akafunga mlango, akaupigilia gogo. Kisha akachutama pembeni, mgongo ukutani, mikono juu ya kichwa.

Saheli moshi wa mchana ulikuwa kifo. Aliyemfundisha hilo hakuwa mwalimu. Alikuwa Hiwet, mwenzake wa kitanda kimoja, aliyewasha kuni chache adhuhuri ili amchemshie maji majeruhi. Uzi mmoja tu wa moshi ulipanda, mwembamba kama wa sigara. Ndege za adui zikauona, zikaangusha mabomu. Zilipoondoka, Akberet alichimba mawe kwa kucha, na pembeni yake akachimba mwanamume asiyemjua. Walipomfikia Hiwet hakukuwa na la kufanya. Yule mwanamume akachukua maji ya chupa yake, akamwosha Akberet vidole kimoja kimoja. Huyo ndiye Weldeab. Uchumba wao haukuwa na posa nyingine.

Wanawake walirudi kutoka kanisani wakaukuta mlango umefungwa, na harufu ya kahawa ikitokea chini yake.

"Akberet!" Negisti aliita akigonga. "Fungua, sisi ni wageni wa Mariamu, si wezi!"

"Subirini!" ilitoka sauti ndani. "Ondokeni hapo mlangoni! Laleni chini!"

Wakatazamana. "Ametuambia nini?"

"Tulale chini. Labda kahawa ya siri inanywewa kitandani."

Mmoja alicheka. Adey Hiriti hakucheka. Nao, hawa wanawake, walikuwa na vita vyao. Adi Hawsha haikupigwa na ndege hata siku moja. Ilikaliwa na askari wa miguu wa adui, na askari wa miguu ukichelewa kumfungulia huukata mlango kwa shoka, halafu humkata aliye nyuma yake. Miaka yote hiyo walikuwa wameziokoa nyumba zao kwa kuacha milango wazi. Waliwakaangia kahawa watu waliowaua wana wao, wakawapitishia kikaango puani, huku magunia ya nafaka ya wapiganaji yakiwa yamefukiwa chini ya kizingiti. Mmoja alijifunza kuficha moshi, wengine walijifunza kuutoa. Pale mlangoni hakuna aliyelijua hili la mwenzake.

Gogo likaondolewa. Akberet akasimama kizingitini, majivu hadi viwikoni, nyumba nyuma yake nyeusi kama tumbo la chungu. Kahawa ya Mariamu ilikuwa imeungulia majivuni.

"Nani alikufundisha kuwafungia watu mlango?" Adey Hiriti aliuliza taratibu, na taratibu yake ilitisha kuliko kelele. "Nilimfungulia aliyenichukulia ng'ombe. Nilimfungulia aliyenipiga teke. Wewe unamfungia Negisti, aliyekusuka nywele? Siku ya Mariamu?"

Wakati huo Weldeab alikuwa ameingia uani akitokea shambani. Mama yake akamgeukia. "Mwanangu, ndivyo mlivyokuwa mkiishi huko?"

Akberet akamtazama mumewe, na moyo wake ukatulia, kwa sababu aliona udongo. Shati lake lote mbele, toka kifuani hadi tumboni, lilikuwa limepakaa udongo mbichi wa mtaro, na shavu moja pia. Naye alikuwa ameisikia ndege. Naye alikuwa amejitupa chini.

Weldeab akapangusa kifua kwa kiganja. "Sijui, mama," alisema. "Mwulize mwenyewe."

Wakamgeukia wote. Neno moja lingetosha. Angesema "ndege" tu, Negisti angepiga mayowe ya huruma, wangemkalisha, wangempangusa majivu mikononi. Lakini Akberet alikuwa amelelewa na Saheli, na Saheli mtu akikosolewa mbele ya kikosi husimama wima, hajitetei, hatoi sababu. Sababu zilikuwa za waoga. Huo ndio uungwana aliokuwa nao, akautoa wote.

"Nimekosea," alisema.

Basi. Hakulia, hakuapa. Na Adi Hawsha mtu mwema akishtakiwa hujitetea: hulia, hushika miguu ya wakubwa, humtaja shetani, na majirani humsaidia kutafuta kisingizio. Anayesema "nimekosea" kavukavu anasema nilikusudia. Wanawake walisubiri kidogo, wakimpa nafasi. Hakuitumia. Wakajitanda shela zao, wakaondoka bila kikombe cha kwanza, achilia mbali kile cha tatu, ambacho ndicho chenye baraka.

Tangu hapo akaitwa Fungamlango. Watoto waliliimba. Miezi ikapita tumbo lake halikuonesha kitu, na kisimani mtu akasema Mariamu amemfungia naye. Neno hilo lilifika nyumbani kabla ya maji. Adey Hiriti hakulirudia, lakini alianza kuwatazama mabinti wa watu kwa jicho la kununua.

Akberet alimfuata Weldeab shambani.

"Mama amezeeka," alisema Weldeab, akihangaika na kamba ya nira. "Anataka mjukuu."

"Na wewe?"

"Mimi nimechoka, Akberet."

"Ulikuwa na udongo kifuani siku ile."

Akakaza fundo la kamba. Ng'ombe akapiga mkia. "Wewe wanakuita mchoyo," alisema mwishowe. "Mimi wangeniitaje? Nimerudi peke yangu kati ya watatu. Mama anawaambia watu kwamba sikuwahi kuogopa."

Hakugombana naye. Pengine hapo ndipo angepaswa kugombana. Wazee walipokutana kuivunja ndoa, yeye alikwisha funga mzigo wake, mdogo kama wa mpiganaji anayehamishwa kituo.

Adey Hiriti alimsindikiza hadi kijito cha chini, jambo ambalo hakuna aliyemtaka afanye. Alikuwa amemfungia shayiri ya kukaanga kwenye kitambaa, ya kutafuna njiani. Wakasimama. Juu kilimani Weldeab alionekana akijifanya anatengeneza ukuta wa mawe.

"Sasa tuko wawili," alisema bibi kizee. "Mimi si Negisti, sitakwenda kuutangaza. Niambie, mwanangu. Kwa nini uliufunga?"

Akberet alimtazama. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini akayaona yote yakifuatana: akiitaja ndege, atalazimika kumtaja Hiwet, akimtaja Hiwet, atamtaja aliyechimba naye, na mama huyu atapanda kilima akijua kwamba mwana wake pekee aliyebaki hulala mitaroni kwa hofu, na kwamba alimtoa mkewe badala yake.

"Sina sababu, mama."

Bibi akauachia mkono wake. "Basi Mungu akusamehe," alisema. "Mimi nitajaribu."

Akberet aliishi mjini Mendefera, katika vyumba viwili, na wanawake wawili waliokuwa wapiganaji, nao wameachwa kila mmoja kwa kisa chake. Waliendesha mashine ya kusaga. Kwa muda mrefu alijipongeza kwa lile jibu la kijitoni. Aliona alikuwa ametoa zawadi: mama kabaki na shujaa wake, mwana kabaki na heshima. Ilimchukua hadi nywele zake kuota mvi ndipo alipoanza kuichungulia zawadi hiyo na kuikuta ndani ni kiburi, kule kusimama wima tu, hata pasipo kikosi. Nani aliyeijua hofu kuliko Adey Hiriti, aliyewamiminia wauaji kahawa huku nafaka ikiwa chini ya kizingiti? Angeelewa papo hapo. Angepanda kilima akamshika mwanawe kichwa. Alikuwa mama yake. Hofu ya mwanawe ilikuwa haki yake, na Akberet alimnyima. Mara nyingi alifikiri kwenda kumwambia. Ilikuwa safari ya asubuhi moja. Mashine iliharibika, mvua zilinyesha, mwaka ukaisha, ukaja mwingine.

Alipokwenda, alikwenda kumzika Adey Hiriti. Wanawake wa Adi Hawsha walikuwa wamekaa uani kwa daraja za ukoo, na yeye akakaa nyuma kabisa, pamoja na waliotoka mbali. Negisti, amekuwa kikongwe, alimtambua. Akamsogezea mkeka kidogo, kisha akageuka mbele. Mwombolezaji akaanza kuwaita jamaa za marehemu, mmoja mmoja, wasimame waliliwe naye. Aliita ndugu zake. Aliwaita wana wawili wa vitani, na mahali pao palipoachwa tupu watu walilia sana. Akamwita Weldeab, akasimama, mabega yameanguka.

Kisha akamwita mkwe. Miguu ya Akberet ilikaza, kama inayotaka kunyanyuka. Mbele, karibu na jeneza, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni akasimama.