Kikohozi cha Baba Debra

Siku ya kwanza nilipomwona Baba Debra akiruka mtaro na kwenda kujificha nyuma ya tangi la maji, nilijua amefanya kitu. Mwanaume mzima, suti ya kazini, viatu vimepigwa rangi vikang'aa, amechuchumaa kwenye matope. Nikachungulia barabarani nione ni polisi au ni nani anayemfuata. Hakukuwa na mtu ila mama mmoja mzee, mwembamba, kitambaa kichwani, gunia dogo la majani mgongoni, anakuja polepole upande wa kibanda changu cha mboga. Alipopita, Baba Debra akatoka, akapangusa magoti, akanisalimia utadhani ndiyo kwanza anashuka kutoka mjini.

"Mmekosana?" nikamuuliza.

"Ni mama mkwe," akasema. Aliona hayo yanatosha.

Mimi ni mtu wa Uthiru. Kwetu mkwe anaheshimiwa, lakini anakaribishwa ndani anapewa chai. Kwa hao wa Siaya mambo ni mengine. Mume wa binti hasimami uso kwa uso na mama mkwe, hamshiki mkono, hali mbele yake, na mama mkwe haingii nyumba yao hata mvua imnyeshee mlangoni. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Vijana wao wengi wameshaacha, wanakumbatiana na wakwe mbele ya kanisa. Mama Ivyne hakuacha. Na kwa sababu yeye hakuacha, Baba Debra naye akawa anaruka mitaro.

Jina lake hasa lilikuwa Milcah, sisi tukimwita Mama Ivyne kwa jina la binti yake. Alikuja Nairobi baada ya kumzika mumewe, akisema anakuja kutibiwa macho. Binti yake Ivyne anaishi hapa Jamhuri na mumewe, Odero, ndiye huyo Baba Debra, na mtoto wao mmoja. Mama, kwa ile desturi yake, akapanga chumba Woodley, nyuma ya nyumba moja ya zamani ya kanjo, baraza la jiji. Kila siku alitoka Woodley kwa miguu hadi kwangu. Alikuwa na ulimi, huyo mama. "Sukuma yako imelala, Mama Kuria," angeniambia kabla hata ya salamu, huku ameibonyeza mbele ya wateja. Nilimpenda, lakini kuna siku nilitamani apitie njia nyingine.

Kilichomleta kwangu ni sungura. Debra alikuwa na sungura wawili, mmoja mweupe na mmoja wa kijivu, si wa kuchinja, ni wa kubebwa tu na kupewa majina. Nilijitolea kuwapa majani ya nje ya kabeji, yale ninayoyatupa. Mama Ivyne akaniangalia kwa huruma. Kabeji inawafurisha tumbo, akasema, sungura ni wa kula majani ya Mungu. Basi yeye ndiye alikuwa anayatafuta hayo ya Mungu: nyuma ya ua wa uwanja wa maonyesho, kando ya reli, kwenye viwanja ambavyo tajiri ameweka mabati akasahau kujenga. Anachuma mukengeria, anachuma mung'ei, anachuma kishona nguo kabla hakijatoa zile sindano. Zaidi ya yote anachuma mchunga, ule mchungu wenye maziwa, ambao kwao wanauita achak. Anayaeneza juani yanyauke kidogo, kisha anayaacha kwangu. Jioni Baba Debra akitoka kazini anachukua gunia. Mimi nikawa mlango kati ya watu wawili wasioweza kuonana. Hakuna aliyeniuliza kama nataka hiyo kazi.

Jioni moja baada ya mvua za Aprili, badala ya kuchukua gunia aende zake, Baba Debra aliketi kwenye benchi yangu akalimwaga lote. Akawa anachagua jani moja moja, mengine anayaweka kando. Nilidhani ni madaha. Akanionyesha mmea mmoja mfupi, akauvunja, ukatoa maziwa.

"Huu si mchunga," akasema. "Nimefuga sungura tangu niko darasa la pili. Maziwa ya huu yanachoma. Sungura akila ni kuhara mpaka afe."

"Si umetoa maziwa kama ule mwingine?"

"Ndiyo maana. Anavunja, anasikia inanata, anatia guniani. Haangalii jani, Mama Kuria. Haoni."

Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akibonyeza sukuma yangu, nami nikidhani ni dharau.

Hapa ndipo penye shida, na ni vizuri uielewe. Ivyne alikuwa amesema wazi, na kwa nia njema, kwamba macho ya mama yakizidi kuharibika, atapelekwa Siaya kwa mwanawe Quincy. Angefanya nini? Mama asiyeona hawezi kuishi peke yake kwenye chumba cha kupanga, akiwasha jiko mwenyewe. Na kwa binti yake hawezi kulala, kwa sababu kwa binti yake kuna mkwe. Kwa hivyo ni Siaya. Mama naye alimdanganya Ivyne kuwa daktari amesema dawa ya matone inasaidia. Kumbe daktari alisema ni presha ya macho na kilichokwenda kimekwenda. Haya aliniambia mimi mwenyewe, siku moja akisubiri mvua ikatike. "Kule nitawekwa kwenye kiti niangaliwe," akasema. "Debra nitamsikia kwenye simu, Krismasi hadi Krismasi. Hapana." Kisha akaniuliza kama nyanya zangu zimeiva au nimezipaka rangi.

"Mwambie mke wako," nilimwambia Baba Debra.

"Nikimwambia, mama anaenda."

"Na usipomwambia?"

Alirudisha majani mazuri guniani, yale mabaya akayafunga kwenye gazeti akaondoka nayo. Ikawa ndiyo kazi yake kila jioni. Watu wanatoka ofisini wanaenda kutazama mpira, yeye yuko kwenye benchi yangu anapekua magugu.

Kisha akaona kuchagua hakutoshi. Alianza kumfuata asubuhi kabla ya kwenda kazini, na Jumamosi kutwa. Si kumkaribia, la. Yeye alitembea ng'ambo ya barabara, nyuma kidogo, mikono mfukoni. Mama akiinama kwenye jani zuri, kimya. Akishika lile baya, Baba Debra anakohoa. Mama anasimama, anageuza kichwa kidogo, analitupa. Anahamia jingine. Wanaendelea hivyo hadi kona, yeye kwake na mwingine kwake, wala hawajavunja desturi hata chembe.

Mtaa ukaanza kusema. Mwanzia wa buchari aliniuliza kama Baba Debra, yule jamaa wa bima, ana TB, maana anakohoa kila asubuhi akielekea reli. Mimi nilimwambia ni vumbi. Kwa Baba Debra mwenyewe sikuwa na huruma. "Leo nikuwekee tangawizi?" nikawa namwuliza. Anacheka kidogo tu.

Nilitaka sana kujua kama mama anajua ni nani anayekohoa. Siku moja nikamchokoza, nikamwambia naona siku hizi magunia yake ni safi.

"Mkwe wangu ana kifua," akasema. "Kifua chenye akili sana. Mwambie asikiache kipone."

Basi alijua. Nilikaa na hiyo habari nikasikia uchungu, maana Ivyne alikuwa akipita kwangu kila jioni kununua nyanya na vitunguu, ananisimulia jinsi mama anavyoendelea vizuri, mimi namhesabia chenji nikiitikia. Sipendi kuwekwa katikati ya familia za watu.

Sasa, mama alikuwa anavuka barabara kwa masikio. Anasimama ukingoni, anasikiliza, akisikia kimya anavuka. Kwa miaka yote ambayo pikipiki za Nairobi zimekuwa zikipiga kelele, hiyo ilikuwa njia ya maana kabisa. Lakini siku hizi kuna hizi nduthi za umeme. Zinakuja bila sauti, unashtukia tu upepo umekupita.

Ilikuwa Jumamosi, jua limetoka, wateja wamejaa. Mama alikuwa ng'ambo akichuma kando ya ua, Baba Debra upande wangu, karibu na tangi. Mama akamaliza, akasimama ukingoni akasikiliza. Hakukuwa na mlio. Akaanza kuvuka, konzi ya mchunga mkononi. Nduthi ikatokea kwenye kona, kijana amebeba kreti za soda, anakuja mbio na hakuna sauti hata kidogo.

Baba Debra akakohoa.

Hiyo ndiyo lugha waliyokuwa nayo. Akakohoa kwa nguvu zake zote. Na mama, katikati ya barabara, akafanya alichozoea: akasimama, akatupa yale majani, akangoja.

Sijawahi kuona mtu mwenye suruali ya kitambaa akikimbia vile. Alimshika mkono akamvuta, wote wawili wakaangukia kwenye ukingo wa mtaro, kreti za soda zikamwagika barabarani. Yule kijana alikuwa mzima, ameshtuka tu, na aliyeshtuka hukimbilia ukali.

"Mathe, kwani huoni?"

"Sioni," akasema Mama Ivyne.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeulizwa saa. Watu wote pale kwangu walisikia. Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake, na lilimtoka mbele ya Mwanzia na nusu ya mtaa.

Baba Debra alikuwa bado ameushika mkono. Nadhani ndipo alipoutambua, kwa sababu alianza kuuachilia, uso umemshuka, anaangalia chini kama mtu aliyeingia chumba cha wenyewe bila kubisha. Mama akakaza vidole.

"Ushanishika, Odero," akasema. Sikuwa nimewahi kumsikia akimtaja kwa jina, wala akimsemesha. "Usiniachilie sasa, hapa kwenye mtaro. Nipeleke."

"Wapi, mama?"

"Wapi tena? Mkono wangu umeshikwa na mkwe mbele ya watu. Aibu yote nimeimaliza leo, sasa kwenu nitaogopa kuingia kwa nini?"

Nilimwachia Mwanzia kibanda nikawafuata. Sikuwa na haja huko, niliwafuata tu. Walitembea polepole, yeye akimwambia hapa kuna jiwe, hapa kuna ngazi. Ivyne alikuwa anaanika nguo. Akamwona mumewe na mama yake wameshikana mikono, akaachia ndoo.

"Macho yangu yamekwisha," mama akamwambia kabla hajauliza. "Si leo, ni kitambo. Daktari alisema, nikakuficha."

Ivyne akamgeukia mumewe. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi ni nani katika nyumba hii?" Alilia kwa hasira, na alikuwa na haki ya kulia. Alinitupia jicho hata mimi. Tangu siku hiyo nyanya alinunua kwa Wahu wa kona ya pili kwa muda mrefu, na sikumlaumu. "Niambie sasa nimpeleke wapi. Nimpigie Quincy?"

Mama alikuwa amesimama kizingitini, miguu haijapita. Miaka yote ile alikuwa amefika mwisho getini. Alisikia habari za nyumba hiyo kutoka kwa Debra na kwa Ivyne: kochi limenunuliwa, ukuta umepakwa rangi, televisheni imetundikwa. Wakati macho yalikuwa mazima hakuingia.

"Wazee wa kwetu nitaongea nao," Baba Debra akasema. "Kama ni mbuzi wa kuondoa mwiko, nitatoa mbuzi. Karibu ndani, mama."

Akainua mguu akaingia. Akasimama katikati ya sebule akiwa hajui ageukie wapi, mkono mmoja kwa mkwe, wa pili unapapasa hewani. Debra alikuwa mlango wa jikoni na yule sungura wa kijivu kifuani.

"Niambieni basi," mama akasema. "Mko kimya na mimi nimekuja kuona nyumba."

Ivyne alijaribu, akashindwa, akafunika uso na kanga. Ikabaki kwa Baba Debra.

"Kochi liko kushoto kwako, mama. La kahawia."

"Pazia?"

"Kijani."

"Nilimwambia anunue nyekundu iliyoiva. Na ukutani?"

Akakohoa kidogo, na mara hii kilikuwa kikohozi cha kweli.

"Ukutani kuna picha ya harusi yetu. Mimi na Ivyne, na wewe uko mwisho kabisa, upande wa pili, umetupa mgongo."

"Nilikuwa nakukimbia," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi nipe kiti."