Aliyekuja na Maji ya Tanga

Kabla hujacheka, nisikilize kwanza. Haya sikusimuliwa na mtu, wala sikuyaota. Yalitokea nyumbani kwangu Nyambureti, jua bado linaonekana, na mimi nilikuwa na akili zangu timamu. Pombe nilikuwa nimeshaiacha. Mke wangu alikuwepo na mpaka leo yu hai. Ukimuuliza atakuambia hivi hivi, labda na zaidi, maana yeye aliongea naye kuliko mimi.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumeshahamishwa, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara, na mimi ndiye niliyeendesha mashine ya kusaga ya kijiji. Kabla ya hapo nilikuwa Tanga, nikifanya kazi kwa mzungu mmoja mzee aliyechunguza viumbe vya baharini. Huko ndiko nilikooa. Mke wangu, ambaye Nyambureti wote walimwita Mama Rhobi kwa jina la binti yetu wa kwanza, ni mtu wa pwani kabisa. Yule mzungu alipofunga safari ya kurudi kwao, aliniachia tangi lake la kioo pamoja na vilivyokuwamo: mawe yenye matumbawe hai, samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kamba mdogo asiyezidi kidole, na mnyama mmoja laini aliyejishika kwenye jiwe, akifungua mikono yake kama ua. Wale samaki walikuwa wakilala humo humo, katikati ya ile mikono.

Nilipoamua kurudi kwetu Mara, nilidhani vile vitu tutavigawa. Mama Rhobi akakataa.

"Nakufuata mpaka huko kwenye simba," aliniambia. "Lakini bahari hii ndogo tunakwenda nayo."

Basi tukaenda nayo.

Najua unachotaka kuuliza. Samaki wa bahari wataishije Serengeti, kijijini, umeme hakuna? Waliishi, niamini, na walinenepa. Upepo wa kuwapa pumzi niliutoa kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori. Naujaza kwa pampu ya baiskeli, kisha unatoka polepole kwa kibomba chembamba mpaka majini. Baridi ikiingia tunafunika tangi kwa blanketi. Kazi kubwa ilikuwa maji yenyewe. Maji ya tangi huchoka, kama hewa ya chumba kilichofungwa. Lazima kila baada ya muda utoe ndoo moja ya zamani, utie ndoo moja mpya ya maji halisi ya bahari. Ukibadilisha yote kwa mkupuo, unaua. Na jua likiyapunguza, unaongezea maji ya mvua tu, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Inabaki.

Maji hayo aliniletea Marwa, rafiki yangu wa tangu utoto, mtu wa Sirari, dereva wa lori la ushirika. Alikuwa akienda Tanga kuchukua mbolea. Nilimfundisha asichote bandarini kwenye mafuta ya meli, bali akodi mtumbwi aende mbali na ufuko, maji yakiwa yamejaa, na atumie pipa la plastiki, kamwe si la chuma. Yakifika, nayaweka gizani mpaka yatulie, kisha nayachuja kwa khanga kuukuu. Jumapili watu wakitoka kanisani walikuwa wanapitia kwetu kutazama. Wazee waliokuwa hawajaiona bahari walikaa mbele ya kile kioo, kofia mkononi. Nilikuwa na raha, sikufichi.

Sasa, maji ya zamani tulikuwa tunayamwaga wapi? Nyuma ya nyumba. Udongo pale ukawa mweupe, na ng'ombe wa jirani yetu, mzee Wambura, wakajua. Kila jioni wakirudi malishoni wanakatisha kwetu kulamba. Mzee Wambura akafurahi, ng'ombe wake wamepata magadi ya bure.

Kisha Marwa akaleta maji ya safari moja ambayo mwenyewe alisema hakuielewa. Bahari ilikuwa shwari kama mafuta kwenye sufuria, akasema, na pipa lilikuwa zito kuliko siku zote, hata mwenye mtumbwi alilalamika. Sikumjali. Nilibadilisha maji kama kawaida, nikamwaga ya zamani nyuma, na siku zilizofuata nikabadilisha tena, nikamwaga tena.

Ng'ombe wakabadilika. Unajua wanavyofanya mahali penye damu ya ng'ombe mwenzao? Wanakusanyika, wananusa, halafu wanalia kwa sauti ile mbaya inayokufanya uache unachofanya. Ndivyo walivyoanza kulia nyuma ya nyumba yangu. Walilamba, wakainua vichwa, wakalia, wakarudi kulamba.

Mzee Wambura akaja na fimbo yake. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mura, kijana wangu, hapo nyuma umezika nini?"

"Sijazika kitu, mzee. Ni maji ya samaki tu."

Alipatazama mahali pale muda mrefu. "Maji ya samaki hayaliliwi na ng'ombe," akasema, akaondoka.

Wakati huo huo vita ya Uganda ikawaka. Malori yakachukuliwa kupeleka askari na chakula mbele, na lori la Marwa likiwemo, na Marwa ndani yake. Wiki zikapita, miezi ikapita. Nikapunguza kubadilisha maji, nikabakiwa na nusu pipa tu. Lile ua la baharini likaanza kunywea. Nilimwona Mama Rhobi anavyolitazama wakati anapepeta unga, mikono inasimama.

Jioni moja, jua limeshuka kwenye miti lakini bado kweupe, nikasikia ng'ombe wanalia kuliko siku zote. Nikazunguka nyuma.

Palikuwa na mwanamke amepiga magoti kwenye ule udongo mweupe. Alikuwa anaukusanya kwa viganja, upesi upesi, anautia kwenye pindo la nguo yake, huku akimsukuma ng'ombe kwa bega. Nguo yake ilikuwa imelowa chapachapa. Mvua tulikuwa hatujaiona tangu mwezi uliopita. Na alikuwa mwembamba, lakini si wembamba wa njaa. Alipoinua mkono, mwanga wa jua ulipita ndani yake kama unavyopita kwenye chupa. Nikaona nguzo za uzio upande wa pili.

Wewe ungefanya nini? Miguu yangu ilikataa kukimbia, basi mdomo ukafanya ulichozoea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu. "Mfukuze ng'ombe, mwanangu. Ananimaliza."

"Anamaliza nini, mama?"

"Ananimaliza mimi."

Nikawafukuza. Sijui nguvu nilitoa wapi. Mama Rhobi alikuwa ametoka kusikia kelele, na aliposikia sauti ile, sauti ya kwao, akamsogelea bila woga kama anayemkuta jirani sokoni.

"Bibi, wewe ni wa wapi?"

"Wa pale alipochota dereva wenu. Alinichota na mimi. Sikuambiwa nitoke, sikuulizwa. Mmenimwaga hapa kidogo kidogo, na hawa wananilamba kidogo kidogo. Nimebaki hiki mnachokiona."

Hakuwa na hasira, hilo nataka ulijue. Alisema kama mtu aliyechoka na safari. Mimi, kwa upumbavu wa hofu, nikamwambia mto hauko mbali, kwa nini asishike mto ukamrudisha.

"Mito yenu inakwenda ziwani," akasema. "Ziwani mimi sina mtu."

"Sasa unataka tukufanyie nini?"

"Yako maji ya kwetu yamebaki ndani. Nitieni humo, mnirudishe."

Nikamtazama mke wangu. Hiyo nusu pipa ilikuwa ndiyo uhai wa tangi lote. Nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza, "Na samaki je? Tukimtia humo, hatutayagusa tena yale maji."

Mama Rhobi alikuwa na machozi, ingawa uso ulikuwa mtulivu. "Baba Rhobi, mimi nimekaa mbali na kwetu miaka yote hii, na mimi nilikuja kwa hiari yangu, na nina wewe. Huyu ana nani? Fungua pipa."

Nikafungua. Yule mama akanyoosha mkono nimsaidie kusimama, akanishika hapa, kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Ubaridi wake ulichoma kama moto. Tukaingia naye ndani. Alipopita mbele ya tangi alisimama, na samaki wale wawili, ambao siku zile walikuwa wamejikunyata chini, wakapanda juu mpaka kwenye kioo. Aliwatazama tu. Kisha akamimina ule udongo ndani ya pipa, akainua mguu, akaingia kama mtu anavyoingia kisimani kwa ngazi. Hakuna tone lililoruka. Maji yakapanda, yakapanda, yakafika ukingoni, na yeye hakuwemo. Nilichungulia. Yalikuwa maji safi, meupe, bila hata chembe ya udongo.

Nikafunika. Mama Rhobi ndiye aliyekaza mfuniko.

Ukafuata wakati mgumu. Hebu fikiria, pipa zima la maji ya bahari limesimama chumbani, na hatua chache tu kutoka hapo samaki wako wanakosa pumzi. Yule kamba akafa. Ua likafunga kabisa, likawa kama ngumi. Mara nyingi tulikaa mimi na mke wangu tukilitazama pipa, kisha tangi, kisha pipa. Ukiweka sikio kwenye ubavu wa pipa ulisikia mvumo, kama upepo wa mbali, unakuja unarudi. Mama Rhobi akaanza kukaa juu ya mfuniko akipukuchua mahindi, akiongea na aliyekuwa ndani. Akimpa habari za kijiji: nani amejifungua, nani amerudi kutoka vitani. Siku nyingine nilimsikia anacheka. Nilipomuuliza amejibiwa nini, akasema hayo ni ya wanawake.

Marwa akarudi, mwembamba, lori limebondeka, lakini mzima. Nilipomweleza akanitazama kwa huruma.

"Maji niyatoe Tanga, halafu niyarudishe Tanga? Mura, hiyo mashine ya kusaga imekuingia kichwani."

"Weka sikio hapo," nikamwambia.

Akaweka. Akasimama wima, akafuta jasho, akasema, "Nisaidie kupakia."

Aliondoka na pipa limefungwa kamba kila upande, na mapipa mengine matupu. Mama Rhobi alimfuata mpaka mlangoni mwa lori akimwagiza namna ya kusema akifika. Mimi nilibaki kuwapulizia samaki upepo na kuomba Mungu.

Marwa aliporudi hakushuka kwanza. Alikaa kwenye usukani akituangalia. Kisha akatuambia. Alifika na mtumbwi mahali pale pale, akamimina. Maji yale hayakuchanganyika na mengine. Yalijikusanya, yakafanya mstari, mstari ukaondoka kwenda mbele kinyume cha upepo, taratibu, kama mtu anayetembea anajua anakokwenda. Mwenye mtumbwi alianza kupiga kafi kurudi pwani, ikabidi Marwa amshike mkono ili kwanza achote mapya. Na kabla ya kuchota alisema kwa sauti, kama alivyoagizwa: "Tunachukua maji tu. Aliye humo atoke, atupishe."

Mapipa aliyoleta yalikuwa mepesi kama yanavyotakiwa kuwa. Tukayatuliza, tukayachuja, nikabadilisha ndoo ya kwanza mchana wa jua kali. Kesho yake Mama Rhobi aliniita mashineni kwa kelele, nikakimbia na unga usoni nikidhani nyumba inaungua. Ua lilikuwa limefunguka lote, mikono inacheza, na samaki wote wawili wamelala katikati yake. Tulisimama pale tumeshikana kama vijana. Mzee Wambura alipita, akatukuta hivyo, akageuza uso kwa adabu.

Samaki wale waliishi nasi miaka mingi, wakafa kwa uzee. Lakini mimi sikubaki kama nilivyokuwa. Njoo uone mkono wangu wa kulia. Hapa aliponishika pana mviringo mweupe kama bangili. Nikiosha unatoka, nikianza kutokwa jasho unarudi. Ukiugusa na ulimi ni chumvi. Daktari aliutazama, padri aliutazama, wote wakaniambia nisiwe na wasiwasi, na kweli sina. Siku za joto mbuzi hunifuata njiani, nimeshazoea.

Siku hizi nasikia huko mijini watu wanafuga samaki wa bahari sebuleni, na wengine wanachota maji ya kweli kama sisi. Siwakatazi. Ni furaha ambayo sijaona mfano wake. Ila wewe unayenisikia, ukienda kuchota, sema kwanza kwa sauti kwamba unachukua maji tu, na usubiri kidogo. Ukiyatoa kwenye tangi usiyamwage mahali mifugo inapita. Na pipa likiwa zito kuliko lilivyopaswa kuwa, mimina, chota upya, hata kama wenzako ndani ya mtumbwi wanakucheka. Kama unaona aibu kusema na bahari mbele za watu, basi fuga kuku.